Mwalo ukifungwa, nani analipa?

Mwanzoni mwa Aprili 2020 nilikuwa Mwaloni Kirumba, mwalo (mahali samaki wanaposhushwa na kuuzwa) wa jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa tarehe 16 Machi, shule zilikuwa zimefungwa, na ndoo za maji zenye koki zilikuwa zimeshapangwa kwenye milango ya maduka. Mama mmoja muuza dagaa, ninayemfahamu tangu utotoni, alinisikiliza nikieleza kwa nini nchi jirani zimeamua kuwafungia watu ndani. Aliniacha nikamaliza, ndipo akasema: "Mwanangu, huo ugonjwa mnasema unaweza kukaa wiki mbili kabla haujajionyesha. Mimi ukinifungia mwalo, siku ya tatu naanza kula mtaji. Wewe uliyesoma niambie, kipi kitanifikia kwanza?"

Mimi ni mchumi wa afya. Kazi yangu ni kupiga hesabu za namna hiyo hiyo: chanjo hii au dawa ile, zahanati hapa au gari la wagonjwa kule. Siku ile nilimjibu ovyo, na swali lake nimekuwa nalo hadi leo. Niandike basi jibu nililopaswa kumpa.

Kosa la kwanza lipo kwenye jinsi tunavyoliweka suala lenyewe. Tunachora mizani, afya sahani moja na uchumi sahani nyingine, kana kwamba ukipunguza huku utazidisha kule. Mizani hiyo inadanganya, kwa sababu upande wa "tusifunge" tunauwekea uchumi wa mwaka mzuri uliopita. Mwaka wa gonjwa hauna uchumi huo. Ukifunga utapoteza, usipofunga utapoteza pia. Kinachopaswa kupimwa ni tofauti kati ya hasara hizo mbili, na tofauti hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko hasara yenyewe.

Tazama nchi yetu. Hatukufungiwa ndani. Masoko yaliendelea, daladala ziliendelea, ingawa kwa muda abiria walitakiwa wote wakae. Hata hivyo, kwa takwimu rasmi uchumi uliokuwa umekua kwa asilimia 7.0 mwaka 2019 ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020. Watalii waliokuwa zaidi ya milioni 1.5 walishuka hadi 620,000 hivi. Huku kwetu sangara alionja mapema: ndege zilipopungua, minofu mibichi ya kwenda Ulaya ikakosa usafiri, na migahawa ya huko nayo ilikuwa imefungwa. Wavuvi hawakuzuiwa kwenda ziwani. Soko ndilo lililowakimbia.

Waliofunga nao walijifunza jambo linalofanana na hilo. Huko Marekani, wachumi Austan Goolsbee na Chad Syverson walipima mienendo ya wateja kwa kutumia data za simu za mkononi. Waligundua kwamba safari za madukani zilishuka kwa asilimia 60, lakini katika hizo 60 amri za serikali zilieleza pointi 7 tu. Nyingine zote zilitokana na watu kuogopa wenyewe. Sweden, ambako amri zilikuwa chache, matumizi ya watu yalishuka kwa asilimia 25 hivi, na Denmark iliyofunga yalishuka kwa 29.

Hapa nahadhari, maana nimewasikia watu wakizibeba namba hizi na kuja nazo moja kwa moja hadi Igoma na Buhongwa, mitaa yetu ya Mwanza. Mtu mwenye mshahara na friji iliyojaa anaweza kuogopa akakaa nyumbani. Muuza dagaa akiogopa bado atakwenda Mwaloni, kwa sababu njaa ya watoto anaiogopa zaidi. Kwa hiyo kwetu amri inaweza kuuma kuliko ilivyouma Sweden au Denmark, kwani inamzuia mtu ambaye hofu peke yake isingemzuia. Hilo tu lingetosha kutufanya tuwe waangalifu na kila sera inayokuja imeshashonwa kwingine.

Somo ambalo kanda hii ililipia yenyewe ni la zamani zaidi. Mwishoni mwa 1997 kipindupindu kilikuwa kimeenea Afrika Mashariki, na Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji. Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) walieleza kwamba uwezekano wa kipindupindu kusafiri ndani ya samaki wa biashara hadi mezani kwa mlaji wa Ulaya ni mdogo sana. Haikusaidia. Zuio lilikaa hadi katikati ya 1998. Nilikuwa mtoto kwenye kijiji cha pwani ya ziwa, na ninachokumbuka ni boti ya wakala, ile yenye barafu, kutokuja. Baba alikaa na makila yake mazuri, yaani nyavu za sangara, sangara akiwa ziwani tele, na hakuna aliyemtaka. Tulikula sangara mpaka tukamchukia.

Kwetu hakuna aliyeufunga mwalo. Ugonjwa wenyewe, au tuseme sifa ya ugonjwa, ulitufungia kutoka mbali. Na kipindupindu, tukumbuke, kinaenea kwa maji yenye kinyesi. Mialo mingi wakati ule haikuwa na choo hata kimoja, watu walijisaidia kwenye mawe na kuchota maji ya kunywa hatua chache kutoka hapo. Gharama ya vyoo vile ndiyo tuliyoikwepa, na bili yake ikatufikia kwa njia ya boti ambayo haikuja. Nikimsikia mtu anasema fedha ya afya ya jamii inakula fedha ya uchumi, huwa namkumbuka baba amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa mchangani.

Sasa kwenye swali la mama. Aliuliza kipi kitamfikia kwanza, yaani aliuliza juu ya wakati, na sisi wachumi tuliojaza majedwali ya "hasara kwa siku" tulikuwa tumeusahau wakati. Siku za ziwani hazilingani thamani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa inavuta dagaa kwa sababu ndiyo mwanga pekee juu ya maji. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, na mitumbwi hupumzishwa siku kama 7 hadi 10. Vijana hurudi makwao, nyavu zinashonwa, injini inafunguliwa, madeni ya mama lishe yanalipwa. Giza likirudi, kila kitu kinarudi: wavuvi, wabeba ndoo, wanawake wa kuanika, malori, wanunuzi wanaotoka hadi Kongo.

Maana yake ni kwamba kufunga mwalo wa dagaa siku 10 za mbalamwezi ni karibu bure, na kuufunga siku 10 za giza ni kumnyang'anya mtu kipato cha mwezi mzima. Kalenda ni ile ile, siku ni 10 zile zile. Ongeza mvua: wakati wa masika dagaa walioanikwa wakilowa wanaoza, kwa hiyo hata giza moja halifanani na lingine. Mwalo wa sangara unafuata hesabu yake nyingine, maana sangara anavuliwa kwa nyavu na ndoano na hategemei taa. Afisa anayeandika amri akiwa ofisini, bila kumuuliza mtu wa mwalo mwezi uko wapi, anaweza kuchagua wiki mbili zenye gharama kubwa kuliko zote huku akidhani amechagua wiki mbili za kawaida.

Natamani ningeweza kuishia hapo na kushauri tusubiri mbalamwezi. Gonjwa halisubiri. Chukua mfano wa kubuni: ugonjwa unaoongezeka maradufu kila siku 5. Leo una mgonjwa mmoja, baada ya siku 20 una 16, baada ya siku 40 una 256. Ukichelewa siku 10 ili giza lipite, unapoanza una wagonjwa mara nne ya wale ambao ungeanza nao, na watu wa kufuatilia mara nne. Mwezi unakuambia ungoje, maradufu inakuambia anza leo.

Njia ya kutoka ni kutofautisha aina mbili za kufunga. Kuwatenga wachache waliokutana na mgonjwa kunaanza siku hiyo hiyo, giza au mbalamwezi. Kufunga mwalo mzima, ikibidi, ndiko kunakofuata kalenda ya mwezi. Kadiri la kwanza linavyofanywa upesi na vizuri, la pili halihitajiki. Chukua Marburg, homa kali ya virusi inayoua wengi: ile ya Kagera ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023. Walikuwa wagonjwa 9, wakafariki 6, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwisha. Virusi vile huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili, ndiyo maana aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, na mlipuko hautangazwi kwisha mpaka zipite siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho. Mkoa haukufungwa.

Weka fedha sasa, nazo ni za kubuni ili hesabu ionekane. Watu 200 wa kufuatiliwa, kila mmoja alipwe shilingi 15,000 kwa siku abaki nyumbani siku 21: ni shilingi milioni 63. Mialo ikifungwa na watu 10,000 wakakosa kiasi hicho hicho kwa siku hizo hizo, ni shilingi bilioni 3.15. Ile milioni 63 wengi huiita msaada, na neno hilo linaniudhi. Mvuvi anayekaa ndani siku 21 anatuuzia kitu: usalama wa wilaya za Nyamagana, Ilemela, Sengerema na Ukerewe. Anayeuza hulipwa. Tusipomlipa, atafanya ambalo mimi na wewe tungefanya, atapanda mtumbwi usiku aende kisiwa kingine, na hapo tutalipa ile bilioni tatu.

Wengine huuliza kama ni halali mchumi kuuwekea uhai bei. Sitaki kuuzunguka mjadala huo hapa. Nasema tu kwamba kipimo kinachomthamini marehemu kwa kipato alichokuwa akileta sikitumii, kwa sababu kwa kipimo hicho bibi anayelea wajukuu yatima Ukerewe ni sifuri. Nahesabu miaka ya maisha yenye afya iliyopotea, ya kila mtu sawa. Na gharama za kufunga nazo zina miaka hiyo ndani yake: mjamzito aliyekosa kivuko akajifungulia kisiwani, mgonjwa wa kifua kikuu aliyekatisha dozi. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Watoto wale hawakuulizwa na mtu, na ndio walioandikiwa sehemu kubwa ya deni.

Rudi tarehe 21 Machi 2023. Nilipoisikia taarifa ya Kagera jioni ile, nilitoka nje kutazama juu. Ulikuwa usiku wa giza kabisa, siku chache kabla ya Ramadhani, na taa za dagaa zilikuwa zimejipanga ziwani mpaka macho yanapoishia. Mgonjwa wa kwanza, ilielezwa baadaye, alikuwa ametoka safari ya Goziba, kisiwa cha wavuvi. Nikampigia yule mama wa Kirumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wanafunga?"

Nikamwambia hapana, hawafungi, wanawafuatilia waliokutana na wagonjwa, wakae nyumbani siku 21.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia nyuma yake mtu anahesabu magunia.

"Hao wa siku 21," akasema, "nani anawapelekea unga?"