Unga (heroini) na picha za ubongo: maswali ya familia za Malindi

Uraibu ni nini?
Ni maradhi ya ubongo. Mtu anaona anaharibikiwa na bado anashindwa kuacha.

Tumpige picha ya kichwa tuone kama unga umemuingia?
Hapana. CT scan huonyesha damu iliyovuja, uvimbe au fuvu lililopasuka. Uraibu hauonekani pale. Hizo pesa ziwekeni nauli ya kliniki.

Na zile picha za watafiti zinazoonyesha uraibu ubongoni?
Hizo ni za PET, kipimo kingine cha picha. Mtu hudungwa dawa yenye mnururisho kidogo, mashine ikaonyesha iliponata. Mwaka 1993 Nora Volkow na wenzake Marekani walikuta watumiaji wa kokeni wana vipokezi vichache vya dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na raha), hata miezi baada ya kuacha. Miezi, si siku.

Tumemfungia chumbani siku kumi, arosto (maumivu ya kukosa unga) imeisha. Si amepona?
Hajapona. Arosto ya unga huanza ndani ya siku moja, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea. Kilichoisha ni kuharisha, kutapika na mifupa kuuma. Ubongo bado: akiona foili na kibiriti tu, hamu inaamka.

Je, akitoka jela?
Hajapona.

Akisomewa dua?
Asomewe, ni kheri. Lakini hajapona, na akishakaa bila unga yumo hatarini zaidi: mwili umeshausahau. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakatika. Kama mmemfungia, mleteni kliniki kabla hamjamwachia huru.

Methadoni si unga mwingine?
Hapana, ni dawa ya kutibu uraibu wa unga. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Huanzwa kwa miligramu 15 hadi 30 na kupandishwa polepole. Hukaa mwilini muda mrefu, hivyo mtu hashikwi na arosto akaanza kuhangaika maskani. Pombe na bugizi (vidonge vya usingizi) juu yake ni kifo. Akikosa siku kadhaa, apimwe upya, asidai kipimo kilekile.

Akizidisha unga?
Anakoroma, midomo imekuwa ya buluu, mboni kama ncha ya sindano. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa! Akiwa anapumua, mlazeni ubavu; kama hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni. Tuktuk, hospitali, hata saa nane usiku. Na aibu iacheni nyumbani: semeni ni unga, ili achomwe upesi nalokisoni, dawa inayorudisha pumzi.