Jino Zima Linapouma: Ganzi, Kupe na Ndimu ya Mfukoni

Kuna neno moja linalonivuruga kila siku nikiwa kazini: ganzi. Mtu akila embe bichi la chumvi na pilipili akasema meno yameingia ganzi, ana maana yanamvuta na kumsisimua. Mimi nikisema nitamchoma sindano ya ganzi, nina maana hatasikia kitu. Kwa hiyo mgonjwa akiniambia meno yake yana ganzi, swali langu la kwanza ni hili: yanasikia sana, au hayasikii kabisa?

"Yote mawili, mwanangu," alinijibu mama mmoja wa Chumbageni. "Meno yanavuta hata kwa upepo wa baharini, na shavu hapa juu limekufa. Nimekuja uling'oe gego hili."

Lingine alishang'olewa kwingine miezi michache nyuma, na maumivu yakahamia kwa jirani yake. Hilo peke yake lilinitia shaka.

Gego halikuwa na tundu. Picha ya eksirei ilikuwa safi. Nililigonga kwa mpini wa kioo, halikuuma kuliko wenzake. Nikaligusisha pamba yenye barafu: likashtuka, kisha likatulia mara pamba ilipotoka. Jino ambalo kiini chake kimeharibika kwa kawaida halisamehi haraka hivyo. Baridi inaondoka, nalo linaendelea kupwita.

"Bi mkubwa, jino hili ni zima. Umewahi kuumwa nini kabla ya haya?"

Ndipo akaeleza kwamba alikaa miaka kadhaa kwa bintiye Connecticut, Marekani, na huko aliugua ugonjwa wa Lyme. Umepewa jina la mji wa jimbo hilohilo, ulikoanza kuchunguzwa miaka ya 1970. Bakteria wake wana umbo la springi na huletwa na kupe wa vichakani, ambaye akiwa mchanga hazidi sana punje ya mbegu ya mchicha. Si kupe wa ng'ombe wa Handeni. Sisi huku tuna homa ya papasi, kupe wa majumbani anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo akatoka usiku. Bakteria wake ni ndugu wa hao wa Lyme, ila homa yake huja, ikaondoka, ikarudi. Nilimweleza hayo kwa sababu jirani yake alishamwambia kwamba kilichomuuma ni papasi wa nyumba ya ukoo.

Sasa kupe anafikaje kwenye gego? Lyme ikiingia kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, inayopigwa mara nyingi zaidi ni ile inayoendesha misuli ya uso, mtu mdomo ukaenda upande. Neva ya hisia, yenye matawi matatu yanayofika paji la uso, shavu na meno ya juu, na taya la chini, haishikwi mara nyingi hivyo, lakini huweza kushikwa. Tawi la katikati likisumbuliwa, ubongo unapokea habari kwamba jino linaungua, na jino lenyewe halina habari. Ukiling'oa, neva unaiacha palepale.

Wapo watakaokuambia kwamba bakteria wamejificha kwenye mizizi ya meno, kwa hiyo yang'olewe yote. Mimi sing'oi kwa hoja hiyo. Wala simshauri mtu anywe antibiotiki miezi na miezi: wagonjwa waliobaki na maumivu na uchovu baada ya tiba walishafanyiwa majaribio ya dawa za muda mrefu, na hawakupata nafuu ya kudumu.

Lakini neva haikuwa peke yake na lawama. Misuli ya taya ilikuwa migumu kama kamba ya mkonge, na magego yamelika vichwa: alikuwa anasaga meno usingizini. Halafu mdomo mkavu. Alikuwa anameza amitriptilini kwa maumivu ya neva, na dawa hiyo hukausha mate. Mate ndiyo yanayozimua asidi mdomoni.

"Ukavu huo unautulizaje?"

Akafungua mkoba, akatoa ndimu iliyokatwa, imefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa anainyonya kutwa nzima!

Nilicheka, naye akacheka, ila hapo ndipo palipokuwa na chanzo cha nusu ya matatizo yake. Asidi inalainisha ganda la nje la jino, msago wa usiku unamalizia kulikwangua, na chini yake kuna tabaka lenye vijitundu vingi mno vyenye majimaji. Baridi ikigusa, majimaji yanasogea, neva inaamka.

Ndimu ikakoma, akabeba chupa ya maji ya kunywa funda kwa funda. Akila ukwaju au achari, anasukutua kwa maji na kungoja nusu saa kabla ya mswaki, tena mswaki laini. Dawa ya meno nilimchagulia yenye nitrati ya potasiamu asilimia 5. Asitarajie kitu kabla ya wiki mbili hadi nne, na akishatema asisukutue. Usiku anavaa kinga ya plastiki kwenye meno, asiyasage. Mafuta ya karafuu nilimwomba ayaweke kando: hutuliza jino lililotoboka, ila kwake yalishamchubua fizi.

Shavu lililokufa sikulichezea. Shavu likipoteza hisia bila sababu inayojulikana, linahitaji daktari wa mishipa ya fahamu na picha ya kichwa, maana hata uvimbe wa ndani huweza kuanza hivyo, awe mtu ana Lyme au hana. Nilimwandikia barua siku ileile. Na uso ukivimba kwa homa, au mdomo ukikataa kufunguka, usingoje miadi.

Alirudi baada ya wiki sita. Picha haikuonyesha uvimbe. Maji ya mtungi sasa yanapita, shavu bado lina ubutu upande wa pua. Gego hakulitaja tena. Anachotaka ni pengo la lile la kwanza lizibwe kabla ya harusi ya mjukuu, nasi tunalichukulia kipimo Jumanne.