Wanaoniuliza mbegu za faba, njooni kwanza jikoni

Tangu video za "nyama" ya unga wa faba, yale maharage mapana, zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, haipiti wiki bila mtu kuniuliza mbegu zake zinapatikana wapi, na kama zitaota Mtwara. Mimi kazi yangu ni teknolojia ya chakula, si bwana shamba, lakini jibu la shambani ni fupi: faba inapenda baridi. Ethiopia wanailima nyanda za juu. Huku kwetu joto litaangusha maua kabla hayajashika.

Sababu ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Faba ina kemikali mbili, visini na konvisini. Mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, akiila faba, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka, macho yakawa manjano na damu ikapungua ghafla. Upungufu huo ni wa kurithi, na umeenea zaidi kwenye nchi zilizokaa na malaria vizazi na vizazi, kwa sababu humkinga mtu kidogo na malaria kali. Pwani yetu imo. Ulaya wamezalisha aina zenye visini kidogo sana, sawa, ila sioni kwa nini tuhangaike nazo wakati mbaazi zinashuka kwa magunia kutoka Masasi, Nachingwea na Ruangwa.

Sifa nyingi za faba mbaazi inazo. Faba ina protini robo ya uzito wa punje au zaidi kidogo, mbaazi kama moja ya tano. Zote hujitafutia naitrojeni kwa vinundu vya mizizini. Mbaazi ina la ziada: mizizi yake hutoa asidi inayofungua fosforasi iliyong'ang'aniwa na chuma kwenye udongo. (Na ule msemo wa mbaazi ukikosa maua husingizia jua, mimi naona unauonea mmea wa watu. Mbaazi za muda mrefu kweli hungoja mchana ufupike ndipo zichanue. Jua linahusika!)

Sasa jikoni. Kiwandani, protini ya kunde hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kavu: punje husagwa laini mno, kisha upepo hutenganisha chembe za wanga, ambazo ni kubwa, na vipande vya protini vilivyo vidogo na vyepesi. Ni kupeta tu, ila ungo wake ni wa bei mbaya. Ya pili ni ya maji, na hiyo nimeifanya nyumbani kwangu kwa ndoo na kitambaa.

Nilichukua mbaazi zilizokobolewa, nikazisaga, nikakoroga unga kwenye maji mengi na magadi kidogo sana. Magadi hufanya protini iyeyuke. Nikachuja makapi kwa kitambaa, nikaacha ndoo itulie. Aliyewahi kutengeneza wanga wa muhogo anajua kinachofuata: chini unaganda wanga, juu yanabaki maji kama tui jepesi. Nikayamimina kwenye sufuria nyingine taratibu, nikakamulia ndimu, moja baada ya nyingine, huku nikipima. pH, yaani kipimo cha uchachu, ilipokaribia 4.5 yakakatika ghafla kama maziwa yaliyochacha, mabonge yakaanza kuzama. Hayo mabonge ndiyo protini. Ukiyakamua na kuyapika unapata kitu kama jibini laini.

Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa kukaanga mbaazi kabla ya kusaga, nikitaka kuondoa ile harufu ya umajani. Harufu iliondoka, kwa kuwa moto huua vimeng'enya vinavyoileta, lakini protini iliyopigwa na moto haiyeyuki tena vizuri, na ndimu zangu nne ziliambulia vijiko viwili. Kwa hiyo ukitaka unga wa kuchanganya kwenye mandazi, kaanga. Ukitaka kutoa protini, usikaange, utapika mwishoni. Kupika ni lazima, maana unga mbichi wa kunde una vizuizi vinavyokatisha usagaji wa protini tumboni.

Usitarajie mbaazi peke yake imalize kazi. Protini hujengwa kwa asidi amino, na mbaazi, kama faba, ina nyingi ya ile iitwayo lisini na kidogo ya methionini. Mahindi ni kinyume chake, ndiyo maana ugali kwa mbaazi za nazi ni mlo uliokamilika kuliko unavyodhaniwa.

Kwa nini nashupalia haya? Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kwake, na bei huku ikaanguka. Gunia lisilo na mnunuzi, kwenye joto na unyevu wetu, hubunguliwa. Zilizosalimika hugeuka ngumu, zikamaliza mkaa bila kuiva. Unga uliokaushwa vizuri unaweza kuuzwa Mikindani kwa mama wa vitumbua bila kungoja meli.

Kilichobaki kunishinda ni ule wanga wa chini ya ndoo. Ni mwingi kuliko protini yenyewe, na kuumwaga siwezi. Nimeupikia uji: ulishika vizuri, lakini ulikuwa wa kijivu, na wanangu waliuangalia tu. Jumamosi najaribu kuuosha mara tatu badala ya moja.