Panga, mpini na mgongo wa mkata miwa: dhana potofu na ukweli

Kuanzia Kilombero na Mtibwa hadi Muhoroni upande wa Kenya, miwa mingi ya wakulima wadogo bado inakatwa kwa mkono. Panga lenyewe mara nyingi ni lile lile la kufyekea majani, na anayelishika tangu alfajiri hajawahi kuulizwa linamfaaje. Akilalamika kiuno, anaambiwa kazi ndivyo ilivyo. Mimi naamini sehemu kubwa ya maumivu hayo inatoka kwenye umbo la zana.

Dhana: Panga zito ndilo linalokata.
Kinachokata ni makali na kasi. Kasi ya pigo ikiongezeka mara mbili, nishati yake inakuwa mara nne. Uzito ukiongezeka mara mbili, nishati inakuwa mara mbili tu, na mkono ndio unaolinyanyua panga hilo kutwa nzima. Uzito ukirundikana kwenye ncha, kifundo cha mkono ndicho kinachoumia kwanza. Mchanga ulioko shinani hula makali haraka, kwa hiyo tupa ya kunolea ikae mfukoni mwa mkataji, isibaki nyumbani.

Dhana: Kukata miwa ni kuinama, hakuna namna.
Hapa kuna nusu ya kweli. Muwa lazima ukatwe usawa wa ardhi, maana sehemu ya chini ndiyo yenye sukari nyingi, na kisiki kirefu ni uzito ambao mkulima hatalipwa. Lakini kinachotakiwa kufika chini ni makali ya panga, si kichwa cha mtu. Bapa likipindwa kidogo pale linapokutana na mpini, hulala karibu sambamba na ardhi huku mkono ukiwa bado juu. Panga la miwa la Australia lina bapa fupi na pana, mpini mrefu kiasi, na ndoano mgongoni ya kuvulia majani makavu. Mtu anakata na kusafisha muwa bila kubadili zana.

Kwenye palizi hoja ni hiyo hiyo. Huko California wenye mashamba ya letusi walishikilia kwamba jembe la mpini mfupi ndilo linalopalilia vizuri. Madaktari wakatoa ushahidi wa migongo iliyoharibika, kesi ikafika mahakama ya juu ya jimbo, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku. Kilimo cha letusi hakikufa.

Dhana: Mpini mmoja unawatosha wote.
Tazama mapanga ya wakataji yakiwa yamelazwa chini wakati wa chakula. Mengi yamezungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli, umebanwa kwa msumari mwishoni, umeng'aa kwa jasho. Mkataji huyo ameshaanza kuisanifu upya zana yake: mpini ulikuwa unateleza. Mbunifu makini aanzie hapo hapo. Mpini wenye kipenyo cha sentimita 3 hadi 4 huwafaa watu wengi, lakini kiganja kidogo kinataka mwembamba zaidi, na wanawake ni wengi kwenye palizi. Ukitaka kuongeza mpira, punguza mti kwanza, la sivyo mpini utanenepa na vidole vitachoka kwa kubana. Kifundo kidogo mwishoni huzuia panga kuchomoka.

Dhana: Zana bora lazima iagizwe ng'ambo.
Mhunzi mwenye chuma cha springi ya gari anaweza kutengeneza mapanga mawili matatu ya majaribio. Wapewe wakataji wenyewe, wake kwa waume, kwa siku kadhaa za kazi halisi, kisha waulizwe wapi panauma. Kabla ya kutengeneza mengi, yasubiriwe majibu yao.

Dhana: Panga likiwa zuri, basi.
Nchini El Salvador, msimu wa 2014/2015, wakata miwa walipewa maji, mapumziko, kivuli na mapanga yaliyoboreshwa. Wastani wa miwa iliyokatwa na mtu mmoja kwa siku ulipanda kutoka tani 5.1 hadi 7.3. Sifa hiyo haiwezi kwenda kwa panga peke yake, hasa katika ukanda ambako ugonjwa sugu wa figo umewaua wakata miwa wengi, na kazi nzito juani ikihusishwa nao. Anayeajiri wakataji wachache shambani kwake aanze na ndoo ya maji safi, turubai la kivuli na tupa.