SafeSearch huchuja majibu ya Google, haifungi intaneti

"Tableti ya mtoto nimeiwekea SafeSearch, sina wasiwasi." Sentensi hii huzunguka kwenye magrupu ya wazazi kila shule zinapofunga, na anayeiandika mara nyingi anadhani amefunga intaneti nzima. Hajafunga.

SafeSearch, ambayo kwa Kiswahili huitwa Utafutaji Salama, ni mpangilio wa injini ya kutafutia ya Google. Huondoa au hutia ukungu picha za ngono na za ukatili mkali kwenye orodha ya majibu. Ina hatua tatu: kuchuja, kutia ukungu na kuzima. Tangu 2023, mtu mzima ambaye hajagusa chochote huwa kwenye ukungu. Kuchuja huwashwa yenyewe pale Google inapokadiria kuwa mwenye akaunti hajafika miaka 18. Na ukungu hufunika picha tu: maandishi na linki hubaki hapo hapo, na picha yenyewe inaweza kufunuliwa kama mpangilio haujafungwa. Ili kujua umefungwa au la, fungua google.com/safesearch kwenye tableti yenyewe, wala si kwenye simu yako. Ukiona alama ya kufuli juu kulia, umefungwa. Usipoiona, mtoto anaweza kuuzima kwa mguso mmoja.

Kinachochanganywa ni hiki: kuchuja majibu ni jambo moja, kuzuia tovuti ni jambo jingine, na kusimamia akaunti ni la tatu. SafeSearch ni la kwanza tu. Ukifuta kibao cha barabarani kinachoelekeza dukani, duka bado liko wazi kwa anayeijua njia. Mtoto akiandika anwani ya tovuti moja kwa moja, au akigusa linki iliyotumwa WhatsApp, hajapita Google, kwa hiyo SafeSearch haina habari naye. Akitumia injini nyingine ya kutafutia, ni vilevile. Tena watoto wadogo hawatafuti sana. Mambo mabaya huwafikia kupitia video inayojicheza yenyewe baada ya katuni kuisha, na kupitia matangazo ndani ya gemu za bure. Huko SafeSearch haifiki kabisa.

Kuzuia tovuti hufanywa kwenye DNS, yaani ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwenye Android 9 na kuendelea, ingia Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha DNS ya faragha. Chagua kuandika jina la mtoa huduma, andika family.cloudflare-dns.com (DNS ya kampuni ya Cloudflare inayozuia tovuti za ngono), hifadhi. (Kwenye Samsung iko chini ya Miunganisho, ndani ya mipangilio zaidi.) Tovuti za ngono zinazojulikana zitagoma kufunguka katika kivinjari chochote cha kawaida, iwe kwa bando au kwa Wi-Fi. Ukikosea herufi moja ya jina hilo, intaneti yote itakata, na hapo wengi huilaumu laini bure. Wi-Fi ya hoteli inayodai uingie kwanza kwenye ukurasa wake nayo huweza kugoma mpaka uizime DNS hiyo kwa muda.

DNS nayo ina mipaka yake. DNS huona jina la youtube.com, haioni ni video gani. Programu ya VPN, yaani inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine, huiruka. Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana data sana huiruka pia, kwa sababu kurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva za Opera ndipo zikaletwa kwenye kifaa. Na mpangilio wenyewe hauna namba ya siri: mtoto wa darasa la sita atauzima mara tu atakapojua ulipo.

Ndiyo maana lile jambo la tatu, kusimamia akaunti, ndilo lenye uzito. Akaunti ya mtoto chini ya Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia akaunti ya mtoto, hufunga SafeSearch, huondoa hali fiche (kuvinjari bila kuacha historia) kwenye Chrome, na humpa mzazi chaguo la kuruhusu tovuti zote, kujaribu kuzuia zile za ngono, au kuruhusu alizozitaja yeye tu. Muhimu zaidi, weka sharti la idhini yako kwa kila programu inayopakuliwa, pamoja na zile za bure, kwani hapo ndipo VPN na vivinjari vingine hukwama mlangoni. Programu iliyowahi kuidhinishwa huweza kurudishwa bila kuombwa upya, kwa hiyo pitia orodha ya zilizomo na uzizuie usizozitaka. Kwenye iPad kazi hiyo hufanywa ndani ya Muda wa Skrini (Screen Time) kwenye mipangilio: ukichagua kuwekea mipaka tovuti za watu wazima, Safari hupoteza uvinjari wa faragha.

Haya yote huanguka tableti ikiwa imeingizwa akaunti ya mama au ya baba, na tableti nyingi za nyumbani ziko hivyo. Kwa Google, anayetumia hapo ni mtu mzima. YouTube nayo itampendekezea mtoto kile baba alichotazama usiku. Kwa aliye chini ya miaka 8, ondoa YouTube ya kawaida, weka YouTube Kids, na ndani yake chagua maudhui uliyoyaidhinisha mwenyewe tu. Kuiweka bila kugusa mipangilio ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo mzazi mwenzako akisema ameweka SafeSearch, usimcheke, amefanya jambo jema. Muulize tu tableti imeingizwa akaunti ya nani.