Kabla hujakodi lori la kampuni, piga kwanza hesabu ya wiki mbaya

Ndugu zangu madereva mlioko huku Marekani, hii nawaandikia nyie, hasa mliotoka Congo, Burundi, Kenya na Tanzania mkapata CDL, ile leseni ya malori makubwa, miaka ya karibuni na sasa hivi simu haziishi, kila siku kuna mtu wa kampuni anakwambia acha kuendesha lori la mtu, njoo uchukue la kwako, dipoziti hamna, kredit hatuangalii, wiki ijayo uko barabarani. Mimi kazi yangu ni ushauri wa biashara ndogo kwenye taasisi inayohudumia wahamiaji, na mikataba ya kukodi lori inafika sana mezani kwangu, na karibu yote inafika imeshasainiwa. Ndo maana leo nataka tuongee na ambaye bado hajasaini.

Kuna kaka mmoja alinijia na karatasi ya hesabu ya wiki, ile inayotumwa siku ya malipo, ameikunja mara nne imekaa mfukoni mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Juu kuna mapato, halafu chini yake makato yanashuka kama ngazi: lori, bima, trela, dizeli, kile kifaa cha kurekodi masaa, mfuko wa matengenezo, adivansi aliyochukua Jumatatu. Mwisho kabisa, pale panapotakiwa kuwa hela yake, kuna namba ina kistari mbele. Akaniwekea kidole pale akaniuliza, kaka, hichi kistari wamekosea kuchapa? Hawakukosea. Alikua ameendesha wiki nzima na anadaiwa.

Hebu tupige hesabu pamoja, namba hizi nimeziweka mimi kwa mfano tu, wewe weka za mkataba wako. Tuseme kampuni inakulipa dola 1.70 kwa maili. Lori ni dola 950 kwa wiki, bima na vibali 300, mfuko wa matengenezo senti 10 kwa kila maili, lori linakwenda maili 6.5 kwa galoni na dizeli ni dola 3.80. Wiki nzuri ya maili 2,500 unaingiza dola 4,250, ukitoa lori, bima, matengenezo na dizeli ya kama dola 1,460 unabaki na kama 1,290. Sasa chukua rafiki yako anayeendesha lori la kampuni kwa senti 60 kwa maili, wiki hiyo hiyo na maili hizo hizo yeye ana 1,500, na tairi likipasuka Nebraska saa nane usiku anapiga simu tu anasubiri fundi.

Alafu ije wiki mbaya, mpokeaji mzigo kakuweka siku mbili getini, au theluji imefunga barabara, au dispatcha anayegawa kazi hana mzigo, umefanya maili 1,200. Unaingiza 2,040. Makato yanafika 2,070 na kidogo. Ndo kile kistari. Yule rafiki yako wiki hiyo ana dola 720, kidogo ndio, ila hadaiwi na mtu. Kwa namba hizi maili kama 1,230 za kwanza za kila wiki unamlipia mwenye lori, watoto wako wanaanza kula kuanzia hapo, na wiki ukienda kuzika mtu wa familia lori limepaki bado dola 1,250 zinahesabika.

Na hapo kodi ya serikali bado hatujaigusa. Ukiwa dereva wa kujitegemea unapewa fomu ya 1099, hakuna anayekukatia kodi, kwahiyo kwenye faida yako kuna ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ambayo ukiwa mwajiriwa nusu yake analipa mwajiri, halafu ndo inakuja kodi ya mapato juu yake, na unatakiwa kulipa mara nne kwa mwaka, katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Wengi wanakuja ofisini mwezi wa tatu mwaka unaofuata, hela ilishaliwa zamani, na barua ya IRS, mamlaka ya kodi, iko njiani.

Kuna kitu naomba ukielewe vizuri kuliko vyote, mara nyingi unasaini mikataba miwili, sio mmoja. Wa kwanza unakodi lori kutoka kampuni ya kukodisha, na ukiangalia vizuri mara nyingi mwenye hiyo kampuni ni yule yule mwenye kampuni ya usafirishaji. Wa pili unalirudisha lori kwao lifanye kazi chini ya kibali chao. Yani mkono mmoja unakudai kodi ya lori kila wiki na mkono wa pili ndo unaamua wiki hii upate maili ngapi. Mwenye nyumba wako akiwa ndo bosi wako wa kazi, na ndo anayeamua masaa yako, utamwambiaje nimeshindwa kodi? Hapa ndo swali lenyewe la kuamua lilipo, na rangi ya lori, mwaka wake au friji iliyo ndani havisaidii kitu kama huwezi kubeba mzigo wa mtu mwingine.

Hii sio stori mpya. Bandari za Los Angeles na Long Beach zilipoanza mwaka 2008 kuondoa malori ya zamani yanayochafua hewa, kampuni nyingi zilinunua mapya zikawakodishia madereva wao, wengi wahamiaji ambao Kiingereza cha mkataba hawakielewi, na kuna watu walilipa miaka halafu wakaondoka mikono mitupu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya New Prime dhidi ya Oliveira, dereva aliyekua anakodi lori, majaji wote 8 waliokaa wakasema dereva wa kujitegemea naye hawezi kulazimishwa na sheria ya usuluhishi ya serikali kuu kupeleka malalamiko kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakamani, na baadae kampuni ikakubali kulipa dola milioni 28 kumaliza mambo na madereva. Halafu Januari 2025 kikosi kazi kilichoundwa kwa sheria ya miundombinu ya 2021 kuchunguza hii mikataba kilitoa ripoti yake, kikaliomba bunge liipige marufuku mipango ya kukodi-mpaka-liwe-lako inayoendeshwa na kampuni za usafirishaji. Ukiona watu waliopewa kazi ya kuchunguza wanaomba kitu kipigwe marufuku kabisa, wewe usiseme mimi nitakua na bahati.

Ila sio kila kukodi ni mtego. Ukikodi kwa kampuni ya malori isiyohusiana na anayekupa mzigo, matengenezo yamo ndani ya bei, una uhuru wa kubeba kwa yeyote, na mkataba umeandikwa kabisa kwamba ukirudisha lori hudaiwi malipo yaliyobaki, hiyo ni biashara, unaweza kukaa ukaipima. Mimi mtu akiniuliza namwambia endesha la kampuni kwanza mwaka au miwili, ujue njia gani inalipa na mwezi gani mizigo inakauka, weka akiba, jenga kredit, alafu nenda chama cha akiba na mikopo ukaulize lori lililotumika kwa jina lako. Na akiba iwe ya kweli, maana haya malori ya kisasa mfumo wa kusafisha moshi ukizingua, ile DPF na wenzake, bili ya fundi ni maelfu ya dola na wewe umelala hoteli.

Kabla ya kusaini waombe karatasi za hesabu za wiki za madereva wao watatu wanaokodi sasa hivi, majina yafutwe, na ziwemo wiki za Januari na Februari. Yule mtu wa kampuni anayekupigia simu atakutumia picha ya cheki moja ya dola elfu nne, hiyo mwambie asante, uliomba karatasi.

Jambo lingine linatugusa hasa sisi wahamiaji. Tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva akishindwa kuwasiliana kwa Kiingereza na mkaguzi barabarani anaweza kuzuiwa kuendesha palepale. Na kama leseni yako inaisha siku kibali chako cha kazi kinapoisha, uliza mkataba wako wa lori, tuseme wa miaka minne, unasemaje siku leseni ikiisha. Wengi wanakuta hausemi kitu, malipo yanaendelea.

Kama umeshasaini usikate tamaa, una haki. Sheria ya serikali kuu ya mikataba ya malori, ile 49 CFR sehemu ya 376, inasema mkataba wako na kampuni ya usafirishaji uwe wa maandishi na makato yote yatajwe, ulipwe ndani ya siku 15 ukishawasilisha karatasi za mzigo, wasikulazimishe kununua vitu kwao ili upate kazi, na kama unalipwa kwa asilimia wakupe nakala ya bili halisi ya mzigo, sio ile ya kuambiwa kwa mdomo. Pesa ya dhamana wanayokushikia inatakiwa izae riba na irudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kuisha.

Na ukiamua kutoka, tafadhali usiliache lori kwenye kituo cha mafuta ukapanda basi kurudi nyumbani, hata kama una hasira kiasi gani, maana wataandika kwenye rekodi yako kwamba umetelekeza lori na kampuni inayofuata itaiona. Andika barua ya kuvunja mkataba, lipeleke lori kwenye yadi yao, piga picha ndani na nje, tairi moja moja, namba ya maili kwenye dashibodi, mtu wao akusainie kwamba kalipokea, alafu anza kuhesabu zile siku 45 kuanzia siku mkataba unapoisha. Zikipita hawajarudisha pesa ya dhamana, njoo na karatasi zako zote, hata zilizochanika.