Ruhusa ya kuandika Wikipedia haipatikani kwa kujuana

Hapa Goma, kuanzia Himbi hadi Majengo, wapo vijana wanaotaka kuandika kuhusu mji wao kwenye Wikipedia lakini wanaamini kwamba bila kumjua mkubwa wa huko hawatapewa ruhusa. Wengine wako tayari hata kulipa. Si kweli, na imani hiyo inatunyima waandishi.

Kurasa nyingi sana ziko wazi kwa yeyote tangu dakika ya kwanza. Zile zilizolindwa dhidi ya waharibifu zinadai rekodi ya kazi. Katika Wikipedia ya Kiingereza, akaunti yenye siku 4 na mahariri 10 inapata haki hiyo yenyewe, bila ombi wala barua. Kwa kurasa zenye migogoro mikali zaidi, kipimo ni siku 30 na mahariri 500. Mashine inahesabu, haiulizi wewe ni mtoto wa nani.

Wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, ndio huteuliwa na wahariri wenzao, baada ya kazi zao za nyuma kupekuliwa. Nao ni watu wa kujitolea. Anayekuomba dola ili akupatie cheo hicho anakuibia.

Anza na jambo linalohakikishika, kwa mfano mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021. Weka chanzo, eleza ulichobadilisha. Ukirekebishwa, nenda ukurasa wa majadiliano: katika Wikipedia ya Kiingereza, anayefuta kazi ya wenzake zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja anaweza kufungiwa.